Kuvisha tairi bishi la tyubulesi: nafasi imejificha upande wa pili

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta fundi wangu wa baiskeli, pale Ngamiani, ameketi kwenye kigoda chake na gurudumu la inchi 29 amelibana katikati ya magoti. Tairi lilikuwa limeingia robo tatu. Robo iliyobaki ilisimama juu ya ukingo wa ringi kama upinde, nayo haikutaka kushuka. Chini palikuwa na liva mbili za plastiki za kunyanyulia tairi, zimevunjika, na sasa mzee ameshika mpini wa kijiko cha chuma, kile kile kilichomng'olea matairi ya Phoenix miaka nenda miaka rudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tairi hili kiwandani wamekosea. Dogo."

Halikuwa dogo. Tangu baiskeli za mlimani zenye matairi ya tyubulesi, yaani yasiyo na tyubu ndani, zianze kuonekana huku Tanga, nimeshaona vidole vilivyochubuka, ringi zilizokwaruzwa, tepu zilizochanwa na matairi mapya yaliyorudishwa dukani. Karibu kila mara kisa ni kile kile. Mtu anapambana na kipande kifupi kilicho mbele ya macho yake, na nafasi anayoitafuta iko upande wa pili wa gurudumu, chini, imejificha. Ukishajua ilipo, tairi lile lile linaingia kwa viganja viwili, na kijiko kinarudi jikoni.

Kabla ya kumbishia mzee, tulisoma namba. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu yapo matairi ambayo kweli ni madogo kwa ringi uliyonayo, na hayo hayana dawa. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi hudanganya. Tairi la baiskeli zetu nyeusi za mizigo huandikwa 28 x 1½, na la baiskeli ya mlimani huandikwa 29 x 2.25 au 29 x 2.4. Mtu yeyote angesema la 29 ndilo kubwa. Lakini kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi ni milimita 635 kwa lile la 28, na milimita 622 kwa la 29. La 28 ni kubwa kwa milimita 13! Jina la 29 limetokana na kipenyo cha nje cha tairi likishajaa upepo, halikutokana na ringi. Za inchi 26 ndizo zenye mtego zaidi. Tairi la 26 x 1⅜, la zile baiskeli ndefu za akina mama, linakaa kwenye milimita 590. La 26 x 2.1, la baiskeli ya mlimani, linakaa kwenye 559. Ukijaribu kulivisha la pili kwenye ringi ya la kwanza, hata uite watu wanne, haliingii.

Kwa hiyo tafuta namba ndogo, iliyoandikwa kwa mtindo wa 57-622 au 60-584. Ya mbele ni upana wa tairi, ya nyuma ni kipenyo cha kukalia, vyote kwa milimita. Ringi nayo ina yake, imechapwa kwenye kibandiko au imegongwa kwenye chuma chenyewe. Zile za nyuma zikilingana, tairi ni la ringi ile. Za mzee zililingana, 622 kwa 622. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo makala haya: kama vinalingana, mbona haliingii?

Nikamkumbusha bangili. Shangazi yangu ana bangili ya dhahabu isiyo na kifungo. Ukiitazama, kisha ukitazama kiganja chake, utaapa haipiti. Lakini yeye hatumii nguvu hata kidogo. Anapaka sabuni, anakunja kidole gumba ndani ya kiganja, mkono unakuwa mwembamba, na bangili inateleza mpaka kwenye kifundo. Dhahabu haivutiki, kwa hiyo lazima mkono ndio upungue. Tairi ni bangili ya aina hiyo. Na ringi, Mungu amjalie aliyeibuni, ina kidole gumba chake cha kukunja.

Ukikata ringi ya kisasa kwa msumeno na kuitazama kwa ubavu, utaona kitu kama bonde. Pande mbili kuna kuta fupi, hizo ndizo kingo. Chini ya kila ukuta kuna sehemu tambarare, upana wa milimita chache, ambayo nitaiita kitako, maana tairi likishajaa upepo linakaa hapo. Ringi nyingi za tyubulesi zina nundu ndogo mwishoni mwa kitako, ya kuzuia tairi lisiteleze kurudi ndani. Na baada ya nundu, katikati, kuna mfereji unaoshuka chini zaidi.

Mdomo wa tairi nao una kamba ngumu iliyofichwa ndani ya mpira. Kwenye matairi ya bei nafuu ni waya wa chuma. Kwenye haya yanayouzwa yamekunjwa ndani ya boksi ni nyuzi za aramidi, wengine wanazijua kwa jina la Kevlar. Nitaita zote waya. Jambo la kushika ni kwamba waya huu haujatengenezwa ili uvutike. Ukivutika, upepo utalirusha tairi nje ya ringi ukiwa kwenye mteremko. Kwa hiyo yule anayesema "livute, litaachia" anaomba kitu ambacho mtengenezaji amefanya kila juhudi kisitokee.

Sasa hesabu, nayo ni nyepesi. Kwenye kitako, mzunguko wa ringi ya 622 ni kama milimita 1,954. Ndani ya mfereji, ukiwa umeshuka milimita 3 tu, kipenyo kinapungua kwa milimita 6 na mzunguko unabaki kama 1,935. Tofauti ni karibu milimita 19. Waya ukiwa umepanda kitakoni pande zote, umekaza, hauna hata unywele wa kulegea. Waya ule ule ukishushwa mferejini, una takriban sentimita mbili za ziada, na hizo ndizo zinazouvusha ukutani pale mwisho. Kidole gumba cha ringi ni mfereji. Anayevisha tairi huku waya wa upande wa pili umepanda kitakoni anajaribu kuvaa bangili akiwa ametanua vidole vyote vitano.

Nikamwomba mzee tulitoe tairi lote, tuangalie mfereji una hali gani. Tulipofungua tukakuta kisa kizima kimelala humo.

Mwenye baiskeli, au mtu aliyemsaidia kabla yake, alikuwa amefunika matundu ya spoku kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, ule mpira tunaofungia mizigo kwenye keria. Aliuzungusha mara mbili. Najua kwa nini alifanya hivyo. Kwenye tairi lenye tyubu, ukanda wa mpira ni kitu kizuri, unazuia vichwa vya spoku visitoboe. Lakini mpira wa tyubu una unene wa karibu milimita moja, na mizunguko miwili ni milimita mbili. Kila milimita unayoijaza mferejini inakula zaidi ya milimita 6 za ile nafasi ya mzunguko. Milimita mbili zinakula 12 na nusu. Katika zile 19, alibakiwa na 6 na kidogo. Mzee alikuwa anapigana na ukanda ule tangu asubuhi bila kuuona.

Na tepu yenyewe ya tyubulesi ilikuwamo kwenye boksi la tairi, haijafunguliwa.

Tepu hii inastahili kuelezwa taratibu, maana watu wengi huiona kama kitu cha kumalizia tu. Ni nyembamba, nyingi hazizidi sehemu ndogo ya milimita, na ni ngumu kiasi cha kuvumilia upepo bila kuzama kwenye matundu ya spoku. Ikiwa na unene wa milimita 0.2, mizunguko miwili inakula milimita 2 na nusu tu za mzunguko. Upana wake uwe sawa na upana wa ndani wa ringi au uzidi kidogo, milimita mbili mpaka nne, ili ishuke mferejini na kupanda tena mpaka kitakoni pande zote mbili. Ikiwa nyembamba mno, upepo utapita kando yake na kutokea kwenye matundu ya spoku. Ikiwa pana mno, itapanda ukutani na waya utaikunja wakati wa kuvisha. Tepu nyeusi ya umeme siipendekezi kabisa. Kwa joto la Tanga gundi yake inayeyuka, inahama, na baada ya miezi michache unakuta uji mweusi badala ya tepu.

Tuliifuta ringi kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Tukaanzia sentimita chache kabla ya tundu la valvu, tukavuta tepu kwa nguvu kila hatua huku tukiikandamiza kwa gumba, tukazunguka, tukapitiliza valvu kama upana wa viganja viwili. Hapo kuna kosa ambalo halionekani kwa jicho. Ukivuta tepu bila kuikandamiza, inajitanda juu ya mfereji kama ngozi ya ngoma. Inaonekana safi, imenyooka, inang'aa. Lakini mfereji umeufunika! Waya hautashuka popote, na siku upepo ukiisukuma ile ngozi chini, itapasuka. Pitisha gumba katikati gurudumu zima mpaka usikie tepu imelala chini kabisa. Ukiwa na muda, weka tairi na tyubu, jaza upepo, acha usiku mmoja. Tyubu itaibana tepu vizuri kuliko mkono wa mtu yeyote.

Tundu la valvu tulilitoboa kwa ncha ya spoku kuukuu iliyopashwa moto kwenye jiko la jirani. Moto unaacha tundu la duara lenye ukingo ulioyeyuka. Kisu kinaacha mpasuko, na mpasuko huendelea.

Kabla sijafika kwenye mikono, niseme neno moja kuhusu kwa nini wametutengenezea mambo yanayobana hivi, maana mzee aliniuliza na swali lake lina haki. Kwenye baiskeli ya zamani, tyubu ndiyo inayoshika upepo, na tairi ni koti tu. Koti likilegea kidogo hakuna neno. Ukiondoa tyubu, mdomo wa tairi na kitako cha ringi ndivyo vinavyozuia upepo usitoke, na ndivyo vinavyozuia tairi lisichomoke kwenye kona. Mwaka 1999 kampuni ya Mavic ya Ufaransa, pamoja na watengeneza matairi Hutchinson na Michelin, ilileta mfumo wa UST, ambao ulipanga vipimo vya ringi na tairi kwa pamoja, na ringi yake haikuwa na matundu ya spoku upande wa ndani, kwa hiyo haikuhitaji tepu. Siku hizi soko limejaa ringi za kawaida zenye matundu, tepu na dawa ya maji ya kuziba matundu ya tairi, na kila kiwanda kina upenyo wake mdogo wa vipimo. Tairi lililoangukia upande mdogo likikutana na ringi iliyoangukia upande mkubwa, ndiyo unapata bishi kama lile la mzee. Bado, kati ya tairi linalobana na tairi linalolegea, mimi nitachukua linalobana. Linalolegea unalivisha kwa sekunde tano, halafu linakuacha Magoroto kwenye mteremko.

Na kwa nini tunajisumbua na tyubulesi hapa kwetu? Kwa sababu ya miba. Huu ni mkoa wa mkonge, na kila jani la mkonge linaishia kwa mwiba. Njia za mashambani zimejaa hiyo, bado hujahesabu michongoma ya nyua za watu. Tairi lenye dawa ndani likichomwa na mwiba, dawa inakimbilia kwenye tundu, inaganda, na wewe unaendelea kukanyaga. Halafu, bila tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na ringi, unaweza kutembea na upepo mdogo na tairi likashika mizizi na mawe ya Usambara.

Sasa mikono.

Mzee alikuwa ameanzia kwenye valvu, na hilo ni zoea la maisha yake yote. Kwenye tairi la tyubu wengi wetu tulifundishwa hivyo: ingiza valvu kwanza, kalisha tairi hapo, zunguka, malizia upande wa pili. Zoea hilo halina ubaya kwenye Phoenix, ila kwenye tyubulesi linafunga mlango. Valvu ya tyubulesi ina kitako cha mpira kinachokaa ndani ya mfereji. Mahali pale, na sentimita chache kila upande, mfereji umejaa na waya hauwezi kushuka. Ukianzia hapo, umeshapoteza sehemu ya zile sentimita mbili kabla hujaanza kazi. Kwa hiyo anzia mkabala na valvu, malizia kwenye valvu. Pale mwisho waya hauna haja ya mfereji, unapita juu ya ukuta, na nusu yote ya upande wa pili inakuwa chini inapotakiwa.

Tairi lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi, na hilo lilisaidia. Jua haliurefushi waya, lakini linalainisha mpira wa mbavu na kunyoosha makunyanzi ya boksi. Tairi jipya lililokunjwa lifungue, lining'inize kwenye kamba ya nguo nusu saa, kisha ndiyo ulishike.

Upande wa kwanza uliingia bila maneno. Upande wa pili, nilimwomba mzee aketi, valvu ielekee tumboni kwake, na sehemu ya mkabala iguse chini mbele yake. Akaanza mbali, mikono miwili ikirudi kwake kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa pamoja. Ilipobaki kama robo, tairi likakaza. Hapo ndipo kila mtu hushika kijiko. Hapo ndipo pa kuachia, kurudi mbali kule ulikoanzia, na kuubana mdomo wa tairi kwa gumba na vidole, pande zote mbili zielekee katikati, mpaka uhisi waya umedondoka mferejini. Kuna hisia yake, kama mguu unapoingia kwenye kiatu. Kisha, bila kuachia, viganja vinapita kwenye mbavu za tairi kurudi kwenye valvu, vikivuta ile nafasi iliyopatikana.

Mzee alifanya hivyo mara moja, akajaribu, likagoma. Akanitazama. Nikamwambia ni kama kukamua tui. Kifumbu hakimalizi kwa kuminya mara moja: kuna tui la kwanza, kuna la pili, na hata la tatu lina kitu. Kila safari kutoka mbali kuja kwenye valvu huleta milimita chache. Safari ya pili pale mwisho palipungua kutoka upana wa mikono miwili hadi mmoja.

Tatizo likabaki kwamba kila akiachia upande wa kulia, wa kushoto unachomoka. Hapo ukanda wa tyubu tuliouondoa mferejini ukapata kazi inayoufaa. Tuliukata vipande viwili, tukafunga tairi na ringi pamoja pale tairi linapoingilia, kimoja kulia, kimoja kushoto. Sasa mikono ikawa huru. Tukailegeza nati ya valvu na kuisukuma valvu juu kidogo, ili waya upite chini ya kitako chake usije ukakaa juu yake.

Sabuni ilikuja mwisho. Mche wa sabuni ya kufulia kwenye kopo la maji, brashi ya kupakia rangi, na tukapaka ule ukingo uliobaki na mdomo wa tairi, hapo tu. Maji ya sabuni yanatelezesha sasa, na yakikauka tairi linashika. Mafuta ya nazi, ya kupikia, grisi, mafuta ya taa, vyote viache. Mafuta yanaula mpira taratibu, na hayakauki, kwa hiyo tairi litazunguka peke yake kwenye ringi siku ukifunga breki.

Kisha kitako cha kiganja, pale chini ya gumba, ndicho kinachofanya kazi, kidole gumba chenyewe kipumzike. Unaweka viganja viwili juu ya ubavu wa tairi na kuviringisha kwenda mbele, kutoka kwako, kama unavyosukuma donge la chapati. Sentimita mbili kutoka kulia, mbili kutoka kushoto, kulia tena. Kipande cha mwisho kiliingia kwa mlio mdogo, *tap*, na mzee akakiangalia kijiko chake kilichokuwa chini mchangani.

"Hakikuguswa," akasema.

Liva si haramu. Yapo matairi ambayo hata ukifanya yote haya yatakuachia urefu wa kidole. Tumia ya plastiki, iingize kidogo tu, inue sentimita tatu kwa mara moja, tena tatu. Ukiinua kumi kwa pupa, unaupinda waya, na ncha ya liva itafika kwenye tepu. Chuma kwenye ringi ya tyubulesi sikitaki kabisa. Mkwaruzo mdogo kwenye tepu hauonekani, ila utakufanya ujaze upepo kila asubuhi na kulilaumu tairi.

Upepo sitauzungumzia sana, kwa sababu tairi lililokuhangaisha kuvaa huwa halihangaishi kujaa. Limebana, kwa hiyo linashika upepo haraka. Toa kiini cha valvu kwa kifunguo chake ili upepo uingie kwa wingi, pampu ya kusimama inatosha, pampu kwa kasi, na utasikia *paa!* moja, kisha ya pili, waya ukipanda kitakoni kutoka mferejini. La mzee lililia upande mmoja likiwa na upepo 30 hivi kwa geji ya psi, wa pili kabla ya 40. Ubavuni mwa tairi, karibu na ringi, kuna mstari mwembamba. Zungusha gurudumu uhakikishe umbali wake kutoka kwenye ringi ni ule ule mwanzo mpaka mwisho. Mstari ukizama mahali, toa upepo, paka sabuni hapo, rudia. Usipandishe tu. Kikomo kimeandikwa kwenye tairi na kwenye ringi, ufuate kile kilicho kidogo, na ringi ambazo kuta zake hazina ndoano ya kushikia mdomo wa tairi hazivuki bari 5, sawa na upepo 72. Kompresa ya gereji isiyo na geji ni hatari kwa tairi la baiskeli. Inafika mbali kabla hujaondoa mkono, na ringi ikipasuka karibu na uso hakuna wa kukusimulia vizuri. Gurudumu lisimame kando yako, uso uwe mbali.

Likishakaa, toa upepo, tia dawa kupitia valvu, kama mililita 100 kwa tairi la 29 la upana huo, rudisha kiini, jaza tena, lizungushe na kulilaza kila upande. Nati ya valvu ikazwe kwa vidole, si kwa koleo. Kwa joto letu dawa hukauka mapema. Mimi naangalia kila baada ya miezi miwili.

Kumebaki jambo moja, nalo lilinigharimu. Niliwahi kuvishiwa tairi na karakana moja, nikashukuru, nikalipa, nikaondoka kwenda Amani bila kulivua hata mara moja. Kati ya Kisiwani na Zigi jiwe lilipasua ubavu, mpasuko mkubwa usiozibika kwa dawa. Tyubu nilikuwa nayo, pampu nilikuwa nayo. Tairi halikutoka. Mvua ilianza, nikang'ang'ania ukingo kwa liva mpaka ikakatika, na mwisho nikaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka giza likaingia. Nilichokuwa sijui ni kwamba kuvua ni jambo lile lile la mfereji. Kabla liva haijagusa kitu, unasukuma ubavu wa tairi kwa magumba yote mawili mpaka waya uanguke kutoka kitakoni, na unazunguka gurudumu zima, kisha upande wa pili nao. Waya ukikataa vidole, laza gurudumu chini na ukanyage ubavu wa tairi kwa kisigino, karibu na ringi, usikanyage spoku. Halafu ubane waya uingie mferejini mkabala na valvu, na liva ianzie kwenye valvu. Siku ile nilianzia popote mkono ulipofika, na waya ulikuwa bado umekaa kitakoni pande tatu.

Nilimsimulia mzee haya wakati tunakunywa kahawa. Hakusema neno. Saa saba mchana mwenye baiskeli akaja, kijana wa Chumbageni aliyekuwa anajiandaa kwenda Lushoto na wenzake, akalipapasa tairi, akatoa pesa mfukoni.

Mzee hakuzipokea. Aliinama, akafungua valvu, upepo wote ukatoka kwa kelele, akamsogezea kijana kigoda.

"Kaa hapo. Valvu iangalie tumboni. Livue, ulivishe tena, mikono mitupu. Nakutazama."